Gesi Ipi?

Mdogo wangu ndiye aliyeisikia harufu kwanza. Alikuwa akiwapeleka wanawe kuoga, akapaza sauti kutoka ukumbini: "Gesi inavuja! Hebu nenda kaifunge!"

Aliyetumwa ni mtoto wa kaka yetu, kijana aliyelelewa Minneapolis, aliyekuja kwetu Tanga likizoni. Ni mwepesi wa kutumwa. Alitoka mbio hadi uani kwenye jenereta, akakaza kifuniko cha tangi, akaliondoa juani dumu la petroli, akarudi. "Nimeifunga, Shangazi. Gesi iko salama."

Mama alimsikia. Mafua yalikuwa yamemziba pua, naye alitamani chai ya tangawizi. Akaingia jikoni, akachukua kiberiti.

Wakati huo nilikuwa natoka sokoni. Nilipoinama kutua kapu kwenye mlango wa jikoni, harufu kama ya kitunguu kilichooza ikanijaa puani. "Mama, usiwashe!" Njiti alikuwa nayo mkononi.

Tulifunga mtungi, tukafungua milango na madirisha yote, hakuna aliyegusa swichi. Mpira ulikuwa umepasuka penye klipu.

Yule kijana alifanya alichoelewa. Marekani gesi ndiyo petroli, kwa kufupisha gasolini. Waingereza husema petroli, nasi tukalichukua kwao. Gesi yetu ya jikoni ni propani na butani. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, ndiyo maana ilinipata nilipoinama. Kwa asili haina harufu. Hutiwa merkaptani ili inuke ikivuja. Texas walitunga sheria ya kuitia gesi harufu baada ya gesi asilia isiyonuka kujikusanya chini ya shule ya New London na kuilipua, tarehe 18 Machi 1937. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto.

Onyo lililogharimu roho zote hizo lilifika nyumbani kwetu, likapotelea njiani kati ya ukumbi na uani. Tangu hapo anayeona hatari hutaja kitu na mahali kilipo: "Mtungi wa jikoni unavuja!" Na mgeni akifika, awe ametoka Marekani au Pangani, siku hiyohiyo huonyeshwa mtungi ulipo na namna ya kuufunga.