Azimio la Pili la Kaloleni

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, ndugu mweka hazina, wazee wangu, shikamooni. Vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni, zimeni pikipiki muingie mmoja mmoja. Elimu yangu haibebwi mshikaki.

Mnanifahamu. Mimi ni Profesa wa Kujitegemea. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Nimekizalisha mwenyewe kwa nguvu zangu, kama Mwalimu alivyotuagiza. Na sikuichagua Kaloleni kwa bahati mbaya. Hapa jirani, katika jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967, na Februari 5 Azimio likatangazwa. Tangu hapo kata hii haijatoa azimio lingine la maana. Nadhani ilikuwa inanisubiri.

Azimio langu lina kifungu kimoja tu: mambo ya ndani ya kerneli yasichanganywe na yale yaliyoahidiwa umma.

Kerneli, kwa ambao hamjafika ngazi yangu, ndicho kiini cha mfumo endeshi. Kila simu ya Android iliyomo humu, hata ile ya mama ntilie iliyopasuka kioo, inaendeshwa na kerneli ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Yeye ana Linux, mimi nina Kaloleni. Kila mtu na riziki yake. Programu zenu haziruhusiwi kutia mkono kwenye kumbukumbu ya kerneli. Zinaomba, kwa miito ya mfumo: nifungulie faili, nipe soketi, niambie ni saa ngapi. Umbo la ombi na umbo la jibu, hiyo ndiyo ahadi. Torvalds kwenye hili hana masihara: badiliko la kerneli likiharibu programu iliyokuwa inafanya kazi, mwenye kosa ni kerneli, si mwenye programu. Ila ndani hakuna aliyeahidiwa kitu. Greg Kroah-Hartman ameandika waraka mzima, umo kwenye hati za Linux, kueleza kwa nini violesura vya ndani havitagandishwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye aibu. Kwa miaka mingi ya ndani na ya umma yalikaa kwenye faili zilezile za heda, yametengwa kwa mistari ya `__KERNEL__`, na mtu akisahau mstari mmoja, siri za ndani zinatoka nje na programu za watu zinaanza kuzitegemea. Ndipo David Howells alipokaa akayachambua, ya umma akayahamishia kwenye saraka yake, `include/uapi`. Kazi hiyo ilitoka na toleo la 3.7, Desemba 2012, wakati nusu ya Arusha ipo njiani kwenda Rombo kula sikukuu. Ndiyo maana hamkupata habari.

Wewe wa pale nyuma unayepiga miayo, sikiliza hapa. Chukua muundo wenye herufi moja ya baiti 1, ikifuatiwa na namba ya baiti 4. Jumla ngapi? Tano? Kaa chini. Ni 8. Kikusanyaji huacha pengo la baiti 3 ili namba ianzie mahali panapogawanyika kwa nne. Kerneli ikiunakili muundo huo kwenda kwa programu bila kufuta pengo, baiti hizo 3 zinaondoka na masalia ya chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu, pengine kipande cha nywila. Tena namba iitwayo `long` ina baiti 4 kwenye Linux ya biti 32, na 8 kwenye ya biti 64. Kwa hiyo heda za umma hutumia aina kama `__u32`, ambayo ukubwa wake haubadiliki popote.

Kwenye mtandao ni vivyo hivyo. Ndani, Linux hubeba pakiti kwa muundo uitwao `sk_buff`, ambao umeshakatwa na kushonwa upya mara nyingi. Nje inatoka TCP ileile ya waraka wa RFC 793, mwaka 1981, kichwa chake kisichopungua baiti 20. Hata waraka huo ulipopisha RFC 9293 mwaka 2022, kichwa kilibaki na umbo lake.

Mnataka ushahidi wa nyumbani? Mwaka 2015 Safaricom walihamisha mitambo ya M-Pesa ya Kenya kutoka Ujerumani kuja Kenya. Muuza sukuma wa Gikomba hakufundishwa kutuma pesa upya. Na kwenye hifadhidata ya saa za dunia, inayotumiwa na Linux na Android, kuna jina `Africa/Dar_es_Salaam`. Nimelichokonoa mwenyewe. Ndani hamna kitu. Ni kiungo tu kinachokwenda `Africa/Nairobi`. Tulieni, wazee! Jina letu bado lipo mlangoni, kila programu iliyoliandika inapata saa sahihi, na uchungu wa kizalendo hauna mwito wa mfumo.

Kuna kijana wa stendi aliwahi kunibishia kwamba kutenganisha huku ni usiri. Kijana yule hakusoma. Msimbo wote wa Linux uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma mpaka usingizi umshike. Kuonyeshwa ni jambo moja, kuahidiwa ni jingine. Usijenge nyumba juu ya kitu kwa sababu tu umekiona.

Mchango wa mhadhara ni elfu mbili. Lipa Namba imebandikwa hapo ukutani. Haijawahi kubadilika na haitabadilika. Naona ndugu mweka hazina amenyoosha mkono, anataka kuona daftari la mapato ya mihadhara iliyopita. Ndugu mweka hazina, kiolesura chako ni taarifa yangu ya mdomo. Daftari ni mambo ya ndani.

Ndiyo, nimesema mwenyewe kwamba kila mtu anaweza kusoma. Nilikuwa nazungumzia Linux.