Mpagazi wa Darasa la Tatu
Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, karne ya 19, ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Kabla ya kujitwika alipatana ujira na posho; mzigo ukizidi aliutua, na akionewa alitoroka usiku. Mwanafunzi wa darasa la tatu hana haki hizo. Ushauri wa kawaida ni kwamba begi lisipite sana sehemu ya kumi ya uzito wa mtoto: mwenye kilo 25 abebe kilo mbili na nusu. Mzazi wa Tabora mjini hupakia madaftari ya leo na ya kesho, chupa ya maji, hotpoti ya wali na, siku ya zamu, mfagio uliochomekwa ubavuni. Zipu huikagua kila asubuhi. Daftari halifungui mpaka matokeo yatoke. Jioni msafara huelekea tuisheni. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, ambaye hapa ni mama, hutangulia na pochi yake tu. Chini ya miembe, ambako wapagazi walitua kupumzika, mtoto huambiwa asipoteze muda.