Maharage Yaliyopanda Dari

Mimi ni mtu wa Tanga, na maharage ya nazi ndicho chakula pekee ninachoweza kujisifia. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, mke wangu alipobeba jembe kwenda kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii hapa Rwanda, nilimwambia habari ya chakula cha mchana aniachie mimi. Mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Musanze. Alivuta kigoda mpaka mlangoni pa jiko, akaketi kunitazama nikichambua maharage, wala hakutia neno.

Saa moja asubuhi sufuria ilikuwa motoni. Kuloweka sikuloweka. Nikakatia nyanya, nikakamulia ndimu mbili. Chumvi niliizuia kabisa, maana marehemu mama yangu aliniusia kwamba chumvi hugumisha maharage. Ilipofika saa tatu yalikuwa kokoto. Saa nne yalikuwa kokoto za moto.

Pale ndipo nilipokumbuka kwamba Tanga iko ufukweni na Ndera tunakoishi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwetu maji huchemka yakifika nyuzi 100. Huku juu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi, basi nayo hayangoji. Yakifika nyuzi 95 hivi yanaanza kuchemka. Kila unapopanda mita 300 unapoteza takriban nyuzi moja. Na yakishaanza kuchemka hayapandi tena: ukizidisha moto unazidisha mvuke tu, na gesi inakwisha. Charles Darwin yalimkuta hayo mwaka 1835 akivuka milima ya Andes. Viazi vilikaa motoni usiku kucha visiive, na asubuhi akawasikia wenzake wawili wakikata shauri kwamba sufuria ile, kwa kuwa ni mpya, imekataa kupika viazi. Wasicheke watu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumtukana kimoyomoyo mwenye duka aliyeniuzia maharage.

Ingawa naye alikuwa na sehemu yake. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugeuka ndani kwa ndani: kalsiamu na magnesi hukamatana na pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za punje, na gundi ikishakamatwa hivyo hailegei upesi. Asidi nayo huizuia kulegea, na mimi nilikuwa nimeimiminia nyanya na ndimu tangu mwanzo. Kumbe ndiyo maana wazee wetu wakatia magadi, ambayo hufanya kinyume chake. Chumvi niliyoiogopa haikuwa na hatia. Ukiiweka kwenye maji ya kulowekea, husaidia hata kulainisha.

Lakini magadi sikuwa nayo, na siku ya umuganda maduka hufungwa mpaka saa tano. Kuwapa wageni maharage mabichi nako ni hatari, hasa haya mekundu: yana sumu yake ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli, na punje nne au tano tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu mzima. Nikaliangalia kabati. Juu yake ilikaa sufuria ya presha, zawadi ya harusi, haijawahi kuguswa.

Aliyebuni sufuria hiyo ni Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679, akiwa London. Alifunga mvuke ndani ili ukandamize maji, yasichemke mpaka yapate joto kubwa zaidi, na mifupa ikalainika. Kwa hofu ya mlipuko aliiwekea vali yenye uzito wa kuachia mvuke uliozidi. Hapa Ndera sufuria ya namna hiyo hufikisha nyuzi 118 hivi. Nilifurahi mno. Nikaijaza mpaka karibu na ukingo.

Mtu aliyesoma karatasi ya maelekezo angejua kwamba maharage hayapaswi kuzidi nusu ya sufuria, kwa sababu hutoa povu na maganda. Ile sufuria ilipiga filimbi dakika kumi na tano, halafu ikanyamaza. Ganda lilikuwa limeziba tundu la vali.

Mama mkwe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. “Mwanangu, mbona imenyamaza?”

“Imeiva, Mama.”

Nikazima gesi, nikashika mpini. Ukakataa. Nikauona ukaidi, nikaongeza mkono wa pili.

Nilipiga hesabu baadaye, sikio likiwa limepakwa dawa. Maji ya nyuzi 118 yakifunguliwa ghafla mahali yanapotakiwa kuchemka kwa 95, hayachemki juu tu; huchemka yote kwa pamoja, mpaka katikati. Kikombe kimoja cha chai hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke wa kikombe hicho hujaza zaidi ya pipa la lita 200. Mvuke huo unatafuta njia, na njia ilikuwa dari yetu. Mfuniko ulipita kando ya kichwa changu ukavunja kioo cha dirisha. Majirani waliokuwa wakizibua mtaro walidhani transfoma imelipuka.

Mke wangu aliingia mbio, jembe mkononi, watu watatu nyuma yake. Pazia lilikuwa jekundu. Dari ilikuwa na madoa kama ngozi ya chui, na mara kwa mara punje moja ilidondoka, tap, sakafuni.

“Baba Keza,” alisema, “wewe ni mzima?”

Kabla sijajibu, mama yake alinyanyuka kutoka kwenye kigoda. Alichomoa harage moja kwenye pazia, akalibinya kwa vidole viwili, likapondeka. Akaliweka mdomoni, akalitafuna taratibu.

“Yameiva,” alisema. “Ila hayana chumvi.”