Rejeta Imevaa Chandarua

Jamani, bei ya rejeta usiulize ukiwa hujala. Mimi niliuliza. Fundi kachuchumaa mbele ya kigari changu, anachungulia kwenye shoo, anacheka peke yake. "Bosi, hii kokoto ya malori ya Tunduma." Kumbe tairi la lori likirusha jiwe, linapita kwenye shoo bila hodi. Linaanza na kondensa ya AC, likipenya hapo linamalizia na rejeta. Na yale mapezi ya alumini ni laini, unayalaza kwa kidole. Nimeyajaribu. Fundi akaniongezea hela ya kuyanyoosha.

Sasa gari zima, bodi ya chuma, halafu kitu cha bei mbaya kuliko vyote kinakaa mbele kifua wazi! Nikasema naweka wavu mwenyewe. Wavu nao mpaka usomee VETA?

Duka la vifaa vya ujenzi kijana akaniuliza, "Mzee, wavu wa nini?" Wa gari. Akamwita mwenzake aje asikie. Wavu wa kuku matundu yake kokoto inapita na mzigo kichwani. Ulikuwepo wa kuchekechea mchanga, wa robo inchi, lakini mzito, na bei yake imekaa kitajiri. Nikachukua wa mbu. Mbu mwenyewe hapiti, jiwe litapitia wapi? Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Kuukata ndiyo kazi. Nilitumia mkasi wa mama watoto wa kushonea. Sasa haukati hata uzi, na habari hiyo naletewa pamoja na ugali kila siku. Vidole plasta tupu. Nikaufunga na vile vikamba vya plastiki vya mafundi umeme, mikia yake ikabaki imechomoza kama ndevu za kambale. Kijiweni wakanipokea. "Gari imepata hati punguzo ya chandarua?" "Mimba ya miezi mingapi?" Wazee wazima hao, wana wajukuu.

Nikasafiri, naenda Iringa. Mikumi giza linaingia, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kumbikumbi, panzi, na wengine siwajui majina, wote wananasa kwenye wavu. Nikajipongeza kwa sauti, peke yangu garini. Ruaha Mbuyuni joto la kukaanga, nikawasha AC mpaka mwisho, nikanunua na vitunguu.

Halafu Kitonga. Ule mlima unaujua. Kona juu ya kona, mbele lori limeshiba mzigo linatambaa, kulipita huwezi. Gari yangu haina mshale wa joto, ina kitaa tu: bluu, injini ya baridi, nyekundu, umeshachelewa. AC ikaanza kupuliza moto. Nikadhani joto la Ruaha limenifuata. Kikawaka chekundu.

Nikasimama pembeni, moshi unapanda, nakimbilia kifuniko cha rejeta nikifungue. Utingo wa lori la nyuma akanipiga mkono. "Anko, unataka kuiva uso?" Ameshika dumu la maji, umri wake sawa na mwanangu wa mwisho. Akamulika na simu mbele. Kimya. Kisha: "Umeiziba pua, halafu unaipandisha mlima?"

Akanieleza taratibu, kama mgeni wa nchi. Mlimani injini inakazana, gari haina mwendo, upepo hakuna, inategemea feni. Feni nayo inavuta hewa kwenye tundu la mbu lililojaa panzi. Itavuta nini? Basi la abiria limesimama nyuma yetu, watu wametoa vichwa madirishani. Akaung'oa wavu kwa bisibisi wakapiga makofi. Mmoja aliniuliza kama vitunguu nauza.

Fundi anasema dawa ni ule wa robo inchi, ukae nyuma ya shoo, usiguse kondensa, na uwe unausafisha. Ndiyo ule ule niliouacha dukani! Nimerudi, bei imepanda, na yule kijana kamwita tena mwenzake.

Huu wa mbu upo hapa nyumbani, panzi nimeshawatoa, una tundu moja tu la bisibisi. Mwenye kidirisha aje auchukue, bei tutaelewana. Ila aje na mkasi wake.