Gari Likiwaka Usishangilie

Aliyesema penye wengi hapaharibiki neno hakuwahi kuona boneti ikifunguliwa kwenye maegesho ya sokoni. Gari likigoma kuwaka, baraza linakutana hata kabla mwenyewe hajashuka. Muuza vocha anasema ni betri. Dereva wa bodaboda anasema ni pampu ya mafuta, kwa kuwa ya shemeji yake ilianza hivyo hivyo. Mzee mwenye gazeti kwapani anasema magari ya siku hizi yamejaa kompyuta, kauli ambayo ni ya kweli na haisaidii kitu. Kisha anakuja kijana, anagonga terminali ya betri kwa spana na kusema, "Hebu piga stata, bosi." Gari linawaka. Watu wanashangilia, kijana anapewa ya soda, na kuanzia siku hiyo ukoo mzima unajua kwamba dawa ya gari lile ni kugongwa terminali. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo ugonjwa unapopata nafasi ya kuwa sugu. Hitilafu ikiwa ya kuja na kuondoka, kuwaka kwa gari hakuthibitishi chochote, maana huenda lingewaka hata kama kijana angeimba taarabu.

Katika mchezo huu wa kuja na kuondoka hakuna anayeishinda imobilaiza, kile kifaa kinachoizuia injini isiwake mpaka gari liutambue ufunguo wake. Ulaya kilifanywa kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998; sisi wengi tumekipokea ndani ya magari yaliyotumika Japani, bila kuulizwa kama tunakitaka. Kwenye kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri yake. Kuizunguka swichi ya kuwashia kuna pete ya plastiki yenye waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Ufunguo ukiingia na kuzungushwa, pete inarusha mawimbi ya redio, mara nyingi ya kilohezi 125. Mawimbi hayo yanaipa chipu nguvu ya kuamka, nayo inajibu kwa siri yake. Kompyuta ikiridhika, injini inaruhusiwa kuwaka. Mazungumzo yote hayo hayafiki sekunde moja, tena kwa umbali wa sentimita chache tu. Sasa hesabu mahali yanapoweza kukatikia: chipu iliyopata ufa ufunguo ulipoanguka, ufunguo wa gari la pili uliofungwa kwenye kishikizo hicho hicho, chipu zote mbili zikajibu kwa pamoja, plagi ya pete iliyolegea, waya wa hasi ulioshika kutu pale unapofungwa kwenye bodi, betri dhaifu ambayo stata ikizunguka volti zinaporomoka na kompyuta inapoteza fahamu. Kila mmoja wa washukiwa hawa anaweza kugoma saa sita na kutii saa kumi.

Tuchukue mmoja tu, lehemu inayoushika waya wa pete. Ikipata ufa usioonekana kwa macho, ncha mbili za chuma hubaki zimegusana kwa bahati tu. Gari likianikwa kwenye jua la Dar es Salaam mchana, plastiki na chuma hutanuka, kila kimoja kwa kiasi chake, ncha zinaachana na ufunguo unakuwa mgeni. Mwenye gari anampigia fundi, ambaye anatoka Gongo la Mboto na kukwama kwenye foleni ya Tazara. Anapofika, jua limeshuka, dashibodi imepoa, ncha zimerudiana. Fundi anafungua boneti, anapuliza fyuzi moja, anairudisha. Gari linawaka kwa mguso wa kwanza. Kwa haki kabisa, aliyepaswa kulipwa hapo ni foleni.

Ushahidi basi lazima uchukuliwe wakati gari limegoma, kabla mtu hajagusa kitu. Stata ikitoa mlio mmoja na taa za dashibodi zikafifia, hiyo ni kesi ya betri, imobilaiza inasingiziwa. Stata ikizunguka kwa nguvu ila injini haishiki, au inashika na kufa baada ya sekunde moja au mbili, itazamwe ile taa ndogo nyekundu ya usalama. Katika Toyota nyingi hukonyeza gari likiwa limeegeshwa, na hutakiwa kuacha kukonyeza ufunguo ukitambuliwa. Ikiendelea kukonyeza huku ufunguo uko kwenye swichi, gari linasema waziwazi: huyu simjui. Kuna magari ambayo imobilaiza huzuia hata stata, ndiyo maana ushahidi wa taa una uzito kuliko wa sauti. Halafu kibadilishwe kitu kimoja tu, yaani ufunguo. Ule wa akiba ukikubali kila unapojaribiwa na wa kwanza ukaendelea kukataa, mshukiwa ni chipu. Zikikataa zote mbili, macho yahamie kwenye pete, betri na nyaya, na hapo mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa sababu plagi yenyewe imejificha nyuma ya plastiki ya usukani. Betri ipimwe kwa mita: iliyojaa husoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia, na ikishuka chini ya 9.6 hivi stata inapozunguka, ihojiwe yenyewe kwanza. Betri ya rimoti iachwe kwa amani. Kwa ufunguo wa kuzungusha, kazi yake ni milango. Wasukumaji nao wapumzike. Gari lililoukataa ufunguo halitawaka hata likisukumwa na kwaya nzima.

Itasemwa kwamba mwenye gari anawahi kazini na hana muda wa upelelezi. Lakini simu anayompigia fundi ina kamera, na kuipiga picha dashibodi hakuchukui hata dakika. Anayekosa dakika hiyo huja kuzipata siku nzima za kukaa kwenye benchi la gereji. Fundi naye atajitetea: nimebadilisha pampu, na gari limemaliza wiki tatu bila kugoma. Utetezi huu una nguvu ikiwa awali lilikuwa linagoma kila siku. Ikiwa lilikuwa linagoma mara moja kwa mwezi, wiki tatu za amani ni ratiba yake ya kawaida, na pampu imepewa sifa isiyo yake. Na yule anayeshauri kubadilisha kila kitu mpaka kimoja kifae, akumbuke kwamba kontroli boksi ya mtumba, yaani ile kompyuta, iwe imetoka Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huja na kumbukumbu ya funguo za gari jingine. Isipopangwa upya, gari lililokuwa likigoma mara mojamoja litagoma moja kwa moja. Angalau hapo kigugumizi kitakuwa kimekwisha.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini tusiiondoe imobilaiza yenyewe? Wapo mafundi wanaoweza, na kwa gari kuukuu ambalo pete yake haipatikani tena sokoni, shauri hilo lina mantiki. Lakini kifaa hiki hakikuwekwa kwa mapambo. Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard walichunguza Uholanzi kati ya 1995 na 2008, wakakadiria kwamba imobilaiza ilipunguza wizi wa magari kwa wastani wa asilimia 40. Zaidi ya hapo, ikiwa kiini ni betri dhaifu au waya wa hasi wenye kutu, kuondoa imobilaiza ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la mpishi. Gari litaendelea kugoma, na siku litakapokubali kuwaka, litamkubalia yeyote.

Kwa hiyo kipimo cha fundi kigeuzwe. Kuliwasha gari hakutoshi, kwani hilo hata foleni inaweza. Anayestahili kulipwa ni yule anayeweza kuligomesha kwa makusudi: anaishika plagi ya pete, anaitikisa, taa nyekundu inakonyeza na injini inakataa, anaikaza, taa inazimika na injini inashika, anarudia mbele ya macho yako, na matokeo ni yale yale. Huyo amemkamata mhusika. Mpe hela yake bila kupunguza hata mia, na uongeze ya soda.