Tuzo ya Mhandisi Hodari

Desturi ya kumtuza mhandisi hodari kwa kumwondolea uhandisi inastahili sifa zote. Nchini Tanzania, kusanifu daraja, ambalo huvuka mto mmoja tu, kunadai shahada na miaka ya mazoezi kabla ya bodi kumsajili mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Kuongoza watu 40, kila mmoja na mto wake, kunadai barua ya uteuzi na, bajeti ikiruhusu, semina yenye sambusa. Laurence J. Peter na Raymond Hull, walioandika mwaka 1969 kwamba mtumishi hupandishwa mpaka afikie cheo asichokiweza, hawakuitaja faida yake: aliyezuia madaraja yasianguke sasa huidhinisha posho za wanaokwenda kuyatazama yalipoangukia, na mpango wake wa maendeleo ya kazi, yaani fomu ijazwayo kila Juni, humtaja kuwa tayari kwa ukurugenzi.