Vyumba Sita vya Uani

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi. Kwa hiyo mume wangu alipotaka kukopa benki amalizie banda letu la uani, hapa Tabata, fomu ilirudi nyumbani kungoja saini yangu. Niliisoma yote, mama mkwe akiwa pembeni anapepeta mchele. Mkopo milioni 8, riba asilimia 17 kwa mwaka, miezi 36, rejesho Sh 285,000 kila mwezi.

"Vyumba sita, kila kimoja elfu sitini," mume wangu akasema. "Ni 360,000. Tunalipa benki, 75,000 inabaki."

Mama mkwe akatua ungo. "Na chumba kikikosa mtu, mwanangu?"

"Tabata hii, mama? Hakikosi."

Nilitia saini kwa sharti moja: kodi iwe na akaunti yake, na kadi nikae nayo mimi.

Dalali alileta wapangaji, kila mmoja akamlipa kodi ya mwezi kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam, nasi tukapokea ya miezi sita sita. Milioni mbili na ushee ziliingia karibu kwa mkupuo, na habari zikafika kwa ndugu kabla hata rangi ya milango haijakauka. Shemeji, aliyekuwa anaoa, akaja kuomba nusu. Nilimweleza kwamba wapangaji wanalipa mara mbili kwa mwaka, lakini benki inakata kila mwezi. Fedha ya Januari ndiyo itakayolipa rejesho la Juni. Akanuna. Mchango wake tukautoa kwenye mshahara.

Ugomvi wa kwanza uani ulikuwa wa umeme. Mita ilikuwa moja, na mchango wa LUKU sawa kwa wote. Mwalimu wa chumba cha kwanza ana taa na redio. Mama wa chumba cha nne ana friji anayogandishia barafu za kuuza. Maneno hayakuisha. Juu ya hayo, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme mwanzo wa mwezi ndiye anayekatwa, ingawa deni ni la mwenye nyumba. Siku moja kijana wa bodaboda alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. "Mama, nyumba yenu, mbona kodi nalipa mimi?" Alikuwa na haki. Nilimrudishia Sh 1,500 zake palepale.

Kisha masika yakashika. Karo lilichimbwa kwa ajili ya familia moja, sasa lilihudumia saba, na kwenye bonde letu maji ya ardhini hupanda mvua zikizidi, shimo likakosa pa kunyonyea. Jumapili ya kikao cha harusi ya shemeji, wazee wamekaa turubaini na bajeti inasomwa, chemba ikafumuka. Mweka hazina akapanda juu ya kiti na daftari lake. Mama mkwe hakupiga kelele: alihamishia wageni kwa jirani, akafunga bomba kuu, akawagawia wapangaji mapipa ya mchanga na chokaa. Mwalimu na kijana wa bodaboda walifanya kazi hadi giza, na hakuna aliyewalazimisha. Gari la kunyonya majitaka lilifika kesho yake.

Mama wa chumba cha sita, aliyepakana na chemba, alikuwa na mtoto mchanga. Alitaka kuhama na arudishiwe kodi iliyobaki, Sh 180,000. Mume wangu alitoa mkataba na kuanza kuusoma. Mama mkwe akamkatiza: "Wewe ungemlaza mwanao hapo?" Fedha ikarudishwa siku hiyohiyo.

Chumba kile hakikupata mtu mpaka masika yakaisha. Vyumba vitano vinaleta 300,000; benki ikishakata, inabaki 15,000, nayo haitoshi kumwita hata fundi wa paa. Shimo la pili tulilijenga kwa fedha yangu ya kikoba. Tuliweka pia mita ndogo kwa kila chumba, kodi ya jengo tunaibeba wenyewe, na kila mwezi kodi ya chumba kimoja inawekwa kando kwa matengenezo. Mpaka mkopo uishe, hatuli faida, tunajenga mali. Mama wa barafu, mwalimu na kijana wa bodaboda wote wameongeza mkataba.

Wewe unayefikiria kukopa ujenge vyumba vya kupangisha, piga hesabu ukiwa na chumba kimoja kitupu na karo limejaa. Rejesho likikushinda kwa hesabu hiyo, jenga vitatu kwanza. Fedha ya mpangaji isipite kwenye mfuko wa sukari na harusi. Anayekaa chumbani mwako ana familia kama yako, na ukimtendea haki ndipo atakapoongeza mkataba. Nawe mwenzi uliyeletewa fomu, sheria haikuitaka saini yako kwa heshima tu. Soma kila ukurasa, uliza, kisha ndipo utie kalamu.